Laptopu yangu ilikuwa inapoteza waifai kila nikiristati, hivi ndivyo ilivyopona

Hii laptopu ninayo mwaka wa 2 sasa, inatumia Windows 11, na kusema ukweli ni mashine nzuri, kibodi tamu, betri inanitosha, sina la kulalamika isipokuwa hili moja lililonisumbua wiki 3 nzima. Waifai. Ukiiwasha asubuhi iko poa kabisa, unafanya kazi kutwa, ila ukiristati tu kwisha habari. Pale chini kulia alama ya waifai haipo, kuna kadunia tu, ukibonyeza unakuta kitufe cha Bluetooth kipo, cha hali ya ndege kipo, cha waifai hakipo kabisa, yaani siyo kwamba kimezimwa, hakipo.

Nikaanza na ruta kama kila mtu, zima washa, zima washa. Nilipoteza muda, maana simu zilikuwa zinashika waifai ya ruta ileile bila shida yoyote.

Fundi niliyempelekea aliiangalia dakika chache akasema kadi ya waifai imekufa, ibadilishwe. Sikukubali na mpaka leo nashukuru sikukubali. Kadi iliyokufa haifufuki kila asubuhi jamani. Halafu kuna kitu nilikuja kukiona mwenyewe, waifai ikiwa imepotea kipanya changu cha Bluetooth kilikuwa kinatembea kama kawaida, na laptopu nyingi waifai na Bluetooth zinakaa kwenye kadi moja. Hapo nikajua kadi inapumua.

Kilichonifungua macho ni kuristati na kuzima, mimi siku zote nilichukulia ni kitu kimoja kumbe sivyo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima mashine inahifadhi sehemu ya mfumo pamoja na draiva (zile programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya waifai) kwenye diski ili kesho iwake haraka, lakini ukiristati inaanza upya kabisa, draiva zote zinapakiwa toka mwanzo. Kwa hiyo kama yako inakata ukizima na kuwasha, halafu inapona ukiristati, anza kwa kuondoa hiyo Fast Startup. Yangu ilikuwa kinyume, ndo maana ushauri mwingi nilioufuata haukunisaidia kitu, ulikuwa wa ugonjwa mwingine. Angalia kwanza yako inakufa lini, ndo uanze kugusa mipangilio.

Nikafungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows, sehemu ya Network adapters, na kweli kadi ipo lakini ina kipembetatu cha njano, ukiifungua inaandika This device cannot start, Code 10. Nilifurahi sana kuona ule ujumbe maana mashine inaiona kadi, inashindwa kuianzisha tu. Nikazima, nikachomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, nikawasha, waifai hiyo hapo. Nikaristati kuhakikisha. Ikapotea tena.

Basi nikaangalia tarehe ya draiva, kumbe iliingia yenyewe na apdeti wiki ileile shida ilipoanza. Kitufe cha Roll Back Driver, kile cha kurudisha draiva ya zamani, kilikuwa kimefifia hakibonyezeki, so ikabidi nipakue draiva ya zamani kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu, unatafuta kwa jina kamili la modeli lile lililoandikwa kwa chini. Intaneti nilitoa kwenye simu kwa waya wa USB, unawasha USB tethering na laptopu inaichukulia kama intaneti ya waya, haihitaji kadi ya waifai hata kidogo. Hii watu wengi hawaijui na inaokoa sana.

Nikaondoa draiva mpya, na hapa usisahau kuweka tiki ya kufuta na faili zake, mimi mara ya kwanza niliruka hiyo tiki ikajirudisha yenyewe. Nikaweka ya zamani. Halafu kwenye kadi hiyohiyo, Power Management, nikatoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme, sina uhakika kama hiyo ilichangia ila nimeiacha hivyo.

Nikaristati mara 10 nahesabu, kila ikirudi naangalia pale chini kulia kabla sijagusa kitu. Mara zote 10 waifai ilikuwepo.

Ni miezi 2 sasa haijakata hata mara moja. Laptopu naipa 4 kwa 5, hiyo 1 nimeitoa kwa sababu draiva mbovu haikutakiwa kumfikia mteja. Faili la ile draiva ya zamani nimelihifadhi kwenye flashi, apdeti ikija kuibadilisha tena naanzia hapo.