Gambuti ya kukodi ilivyoniharibia siku yangu Rwenzori

Jamani mnaopanga kupanda milima ya Rwenzori kule Uganda, kabla hujatoa hela omba uoneshwe gambuti. Sio picha, ishike mwenyewe, ikunje pale kwenye kifundo uangalie kama ina ufa. Mimi sikufanya hivyo na hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Nilienda miezi kadhaa imepita, na kampuni moja ya utalii ya mjini Kasese, jina silitaji. Kule juu viatu vya kawaida hata viwe vya bei gani havifai, mvua haina ratiba na tope ni la magoti, ndo maana kila mtu anavaa gambuti. Sasa kijana wa stoo ananipa pea, ya kushoto ina kiraka cha tyubu kimebandikwa na gundi. Nikamuuliza kaka, hiki si kitaachia? Hata kuniangalia hakuniangalia, yuko kwenye simu, anasema, "Dada, wazungu wanavaa hizohizo na hawalalamiki." Nikanyamaza.

Hadi kambi ya kwanza, Nyabitaba, sawa, hadi ya pili, John Matte, kikavumilia. Siku ya tatu ndo ilikuwa. Ukitoka John Matte unavuka mto Bujuku kwa daraja halafu unaingia kinamasi cha Bigo, kile cha chini, unaruka kutoka tuta moja la nyasi hadi lingine, ukikosa unazama. Nikakosa moja tu. Mguu ukaenda mpaka juu ya goti, kuvuta, mguu ukatoka gambuti ikabaki, mwongozaji wetu akapiga magoti akaichimbua kwa mikono na kiraka sasa kinaning'inia. Kuanzia hapo ni maji ya baridi ndani ya kiatu kila hatua, na bado kinamasi cha juu, bado kupanda hadi ziwa Bujuku. Kile cha juu wameweka njia ya mbao, Mungu awabariki waliozibeba hadi kule, ila mbao zinateleza na mimi mguu siusikii tena.

Na uzuri wote ule! Lobelia zinazompita mtu kimo, mawingu yakafunguka kidogo Mlima Stanley ukatokea na theluji yake, wenzangu wanapiga kelele za furaha, mimi nimeinamia mguu. Hilo siwasamehi.

Tukafika kambi ya Bujuku, karibu mita 4,000, natetemeka. Kuna pota mmoja, mbeba mizigo wetu, mzee wa Kikonzo, umri wa baba yangu kabisa, alikuwa amebeba mzigo tangu asubuhi. Akanikalisha karibu na moto, akanivua soksi akazikamua, vidole vyeupe vimekunjamana. Akatoa soksi zake kavu za sufu, zile alizojiwekea za kulalia, akanivisha, juu akafunga kaveera, mfuko wa plastiki wa mkate. Nikamwambia wasingya, yaani asante kwa Kikonzo, akacheka nilivyotamka. "Lala mwanangu." Asubuhi nakuta gambuti imeshonwa kwa uzi wa nailoni, mishono midogomidogo imekazwa, na ilishika mpaka tukashuka.

Kwa hiyo mnisikilize, nilianza kuandika hapa niwaambie msiende na hawa watu kamwe. Lakini nikisema hivyo yule mzee na yule mwongozaji si ndo wanakosa kazi? Wale nawapa nyota zote, nilitaka hata kuisamehe kampuni.

Ila turudi Kasese. Nimerudisha gambuti, kijana yuleyule anaigeuzageuza, anaona mishono, anasema nimeharibu mali ya kampuni, nilipe elfu 30. Mimi! Nikaita bosi, bosi naye anasema ndo utaratibu, basi langu la Kampala linataka kuondoka, nikalipa. Sasa nasema hivi, msiende nao, au mkienda nunueni gambuti zenu sokoni kwanza, na ombeni mzee yule awe kwenye timu yenu.

Na nyie kampuni mkisoma hapa, ile elfu 30 msinirudishie mimi, mpeni yule mzee. Soksi zake ninazo, nimezifua, hizo nitampelekea mwenyewe.