Oili ya ATF T-IV (oili ya giaboksi ya oto) kwa gari la oto linaloshtua gia zikibadilika
Kwa Toyota IST za kwanza zenye oto ya gia nne, oili sahihi ni hii T-IV. Dukani Kariakoo usikubali kupewa WS, aina nyingine ya ATF ya Toyota, eti ni ile ile. WS ni nyepesi zaidi. Ukifungua boliti ya sampu (trei ya oili chini ya giaboksi) hutoka lita 3 hivi tu, nyingine hubaki kwenye tokokonvata (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo rudia kumwaga na kujaza baada ya wiki moja. Ukishusha sampu, angalia sumaku zake: tope laini jeusi ni la kawaida, vipande vya chuma maana yake giaboksi inaliwa, na hapo oili mpya haisaidii kitu. Pima kwa dipstiki giaboksi ikiwa ya moto, injini ikiwaka, gia kwenye P. Lakini kwanza, jamani, kagua maunting za injini, yaani raba zinazoishikilia! Zikikatika, gari hushtua vilevile.