Bomba la mgongoni la lita 16: kwa zizi la Lamu linafaa hadi wapi?

Bomba hili liko karibu kila duka la dawa za mifugo, kuanzia Malindi hadi Witu, Mpeketoni na Hindi. Tangi la plastiki la lita 16, mpini wa kupampu ubavuni, mpira unaopita mita moja kidogo, fimbo na nozeli. Majina yaliyobandikwa ni mengi, lakini ukiyafungua utakuta ndani ni yale yale, kwa hiyo tunaipima aina nzima na si jina moja. Limetengenezwa kupulizia mimea. Wafugaji ndio waliolihamishia zizini kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, na kasoro zake nyingi zinaanzia hapo.

Hesabu ya kwanza ni maji. Ng'ombe mkubwa, ili alowe sawasawa mpaka kwenye ngozi, anataka kama lita 10. Ndama nusu yake. Tangi moja basi ni ng'ombe mmoja na nusu. Familia yenye ng'ombe 20 wakubwa itapuliza lita 200, yaani kulijaza tangi mara 12 au 13, kila mara kilo 16 na ushei mgongoni. Kazi hiyo humchosha mtu yeyote, na akichoka anaanza kubana: tangi moja kwa ng'ombe watano au sita. Mgongo wa ng'ombe unameta maji, mwenyewe anaridhika, na kupe aliye ndani ya sikio hajaguswa. Huyo wa masikio ndiye anayeleta ugonjwa wa ndigana kali. Tena dawa iliyopungua haiui kupe wote. Wanaosalia ndio wanaozaana, na baada ya misimu kadhaa dawa ile ile haifui dafu.

Kwa hiyo kwa ng'ombe wasiozidi 10, nunua bila wasiwasi. Wakifika 20 na zaidi, pesa yako iende kwenye bomba la ndoo, lile linalofyonza dawa kutoka kwenye ndoo au pipa huku mmoja akipampu na mwingine akishika fimbo. Mgongoni hapabebwi kitu, mpira wake ni mrefu, na aliyeshika fimbo anamzunguka ng'ombe akiwa mwepesi. Mkiwa na kibanio cha miti cha kumzuia ng'ombe, vijana wawili wanamaliza zizi kabla jua halijakaza. Yale ya betri ni mepesi kwa mkono, ila hewa ya chumvi ya pwani hula swichi na vichwa vya betri haraka. Hatuyapendekezi kwa anayekaa karibu na bahari.

Ukiwa dukani usikubali kulichukua likiwa kwenye boksi. Omba maji safi lita tano, lijaze, pampu mpaka mpini uwe mzito, kisha liache dakika chache bila kufyatua. Tazama sehemu tatu: mpira unapoingia kwenye tangi, kifyatulio, na nozeli. Tone lolote hapo leo litakuwa mchirizi wa dawa mkononi mwako baada ya mwezi. Halafu liinamishe uone kama mfuniko unavuja, kwani dawa ya mfunikoni hushuka moja kwa moja mgongoni mwa mtu, na anayebeba bomba nyumbani mara nyingi ni kijana. Nozeli iwe ya shaba, ya kuzungushwa, inayotoa mvuke wa duara. Ile bapa ya kuulia magugu haifai. Inapaka mstari tu juu ya manyoya.

Kuchanganya. Amitrazi ya asilimia 12.5, dawa ya kupe ambayo wengi huitumia, ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Tangi la lita 16 linachukua mililita 32. Pima kwa bomba la sindano la mililita 20, usipime kwa kizibo cha chupa. Kama dawa yako ni nyingine, fuata kibandiko chake na uachane na kipimo hiki. Tia maji nusu tangi, mimina dawa, tikisa, kisha ujaze. Yakigeuka meupe kama maziwa imechanganyika. Changanya ya kutosha siku hiyo tu, kwa maana iliyolala kwenye tangi hupungua nguvu.

Maji ya lambo yana tope, na tope ni adui wa bomba na wa dawa pia. Dawa ya deltamethrini hasa hushikana na udongo, ikabaki kwenye tope badala ya kwenye ngozi. Yaache maji yatulie usiku kucha kwenye pipa, yachote ya juu, yachuje kwa kipande cha leso kuukuu hata kama bomba lina chujio lake.

Ng'ombe wanyweshwe kwanza, wasije wakalamba dawa kwa kiu. Wanaokamwa wakamwe kabla, na kibandiko kisomwe kujua siku za kusubiri kwa maziwa na nyama. Pulizeni asubuhi mapema, upepo ukiwa mgongoni kwenu. Wakati wa kusi kali, ikishagonga saa nne dawa nyingi inakwenda kwa jirani. Fimbo ianzie juu ya uti wa mgongo ishuke ubavuni, ikienda kinyume na manyoya. Kisha tumbo, kiwele au korodani, katikati ya miguu, kwato. Inua mkia upulize chini yake. Malizia shingo, mashina ya pembe, na masikio ndani na nje. Anayeharakisha huruka mkia na masikio, yaani mahali penyewe kupe alipojificha.

Mara moja kwa juma ndicho kipimo cha kawaida. Masika, kupe wakizidi, na vile vile mifugo ya kuhama ikishuka kutoka bara kufuata malisho na kuchangia njia za maji na yenu, mara mbili kwa juma si nyingi. Kupe wa masikio akishashika, vimelea vya ndigana huchukua siku kadhaa kukomaa ndani yake kabla ya kumwingia ng'ombe. Nafasi ya kumuua ni hiyo.

Kwa Lamu kuna jambo lisilosemwa vya kutosha dukani: mbung'o. Anayechunga karibu na msitu wa Witu au upande wa Boni asitegemee amitrazi peke yake, maana hiyo ni ya kupe. Mbung'o huuawa na deltamethrini na jamaa zake. Hapo bomba hili la mgongoni linapata heshima yake, kwa sababu mbung'o hutua zaidi miguuni na tumboni kwa ng'ombe wakubwa, na kupuliza sehemu hizo tu hupunguza sana maji na dawa. Hata hivyo kupe wa masikioni bado wanataka mzunguko wao.

Na punda, tafadhali sana: msimpulizie amitrazi. Ng'ombe anaistahimili, lakini kwa punda na farasi husimamisha matumbo mpaka mnyama akafa. Kama bomba ni moja kwa wote, liogeshwe barabara kwa sabuni kabla ya kumgeukia punda na dawa inayomfaa.

Linaharibika wapi? Karibu kila mara ni washa ya pistoni, ile pete ya mpira. Amitrazi ya maji mazito imo ndani ya kiyeyushi kikali, na mpira mweusi wa kawaida ukilala humo huvimba. Dalili yake ni mpini kuwa mwepesi, unapampu na hakuna nguvu, au dawa inapanda juu kando ya silinda. Cha pili ni chujio dogo lililofichwa ndani ya mshikio wa kifyatulio. Wengi hawajui kama lipo, wanalaumu nozeli, kumbe manyoya na mchanga vimejaa pale. Ifungue nozeli uisugue kwa mswaki mkuukuu. Usiipulize kwa mdomo, wala usiichokoe kwa waya, kwani tundu likipanuka dawa inatoka kwa matone makubwa na lita 10 hazimtoshi ng'ombe mmoja.

Kila baada ya kazi suuza kwa maji ya sabuni, kisha maji matupu mara mbili, ukiyapitisha hadi nozelini. Maji hayo yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima, lambo na mkono wa bahari, kwa kuwa dawa hizi huua samaki hata zikiwa kidogo. Legeza mfuniko, paka washa grisi ya silikoni, ning'iniza bomba kivulini. Jua la pwani hulipasua tangi la plastiki.

Pakiti ya washa na oringi (pete nyembamba za mpira) inunuliwe siku ile ile na bomba, tena mbili. Si kila duka la Lamu huziweka, na zilizopo hazilingani. Ukikosa, beba washa ya zamani mkononi uilinganishe kabla ya kulipa.