Uzoefu wangu: kununua matairi na rimu za tela Tabora

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna duka la matairi mjini Tabora, jina naliacha, ambalo ukiulizia matairi ya tela unajibiwa: "Mzee, tela halina injini. Weka lolote linaloingia." Nikamuuliza muuzaji lile alilolishika linabeba kilo ngapi. Akacheka, akamgeukia mteja mwingine, akasema kwa sauti kwamba kama najua sana nikafungue duka langu.

Swali la kilo ndilo swali la kwanza, na jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Tela ninalolizungumzia ni la kulala porini: ekseli moja, kitanda, jiko la gesi, tanki la maji, linavutwa na pikapu. Wanaoingia Ugalla au wanaoshuka Katavi kupitia Sikonge na Inyonga wanayafahamu. Likijaa lina kilo 1,500. Likipangwa vizuri, asilimia 10 hivi inakaa kwenye ndoano ya gari. Zinabaki 1,350 juu ya matairi mawili, yaani 675 kila moja, na hapo bado hujakutana na shimo wala tanki la maji halijalemea upande mmoja. Muuzaji alinisukumia saizi ya gari dogo, 195/65R15, yenye namba ya mzigo 91. Hiyo 91 maana yake kilo 615. Mawili yanabeba 1,230. Hesabu inakataa kabla hujawasha gari! Mtu anauza bidhaa kila siku na hajui namba iliyo ubavuni mwake, halafu anacheka.

Na hilo la kukosa injini ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu limegeuzwa kichwa chini. Tairi la mbele la gari likianza kupungua upepo, usukani unakuvuta, unajua. La tela dereva halisikii. Linaendelea kuzunguka huku ubavu ukijikunja na kujikunjua, joto linapanda, nyuzi zinaachana na mpira, na habari utaipata kwenye kioo vipande vinaporuka. Tena tela hukaa miezi limeegeshwa na mzigo wake, tairi likikandamizwa sehemu ileile. Kwa hiyo ni tela linalohitaji tairi gumu kuliko gari dogo. Likipasuka usiku kati ya Kaliua na Uvinza, muuzaji amelala kwake.

Linalofaa kwa uzito huo ni 195R15C (C ni tairi la gari la mizigo), 8PR, yaani daraja la uimara wa nyuzi nane, yenye namba za mzigo 106/104. Ni la jamii inayofungwa kwenye Hiace, kwa hiyo Tabora halikosekani, Kigoma pia. Namba ya kwanza, 106, ni kilo 950 tairi likiwa peke yake. Ya pili, 104, ni kilo 900 yakifungwa mawili mawili pamoja. Tela lako lisomee ya kwanza. Watakaokuambia uagize yenye herufi ST, yale ya tela ya Kimarekani, sikatai, ni mazuri, ila baadhi kikomo chake ni kilomita 105 kwa saa, na likichanika Uvinza hutapata la kufanana nalo. Chukua C. Jambo moja la kupima kabla ya kulipa: C hiyo ni nene kwenda juu, kipenyo kinazidi cha 195/65 kwa sentimita 6 hivi. Shusha tela mpaka springi ziishe mchezo, uone kama juu linagusa madigadi.

Sasa umri. Matairi ya pale yalikuwa yanang'aa, yamepakwa dawa. Kung'aa si upya. Tafuta neno DOT ubavuni, mwishoni kuna tarakimu nne: 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na pale dukani upande huo ulikuwa umegeuziwa ukutani. Nilipotaka kuligeuza nikaambiwa nisiguse mali. Kwa tela mimi silichukui tairi lililopita miaka mitano, hata kama kashata zote zipo, maana tairi la tela huzeeka kabla halijawa kipara. Pindua mpira kidogo kwenye mifereji na karibu na rimu. Ukiona nyufa nyembamba, liache hapohapo. Na la kuanikwa nje kwenye jua la Oktoba la Tabora hilo hata kwa bei ya kutupa usilichukue.

Kwenye rimu alitaka kunipa za aloi za gari dogo, "matundu matano yameingia, unataka nini tena?" Matundu kuingia ni mwanzo tu. Rimu ile ilikuwa ET45, ya tela ET20 (ET ni milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu): gurudumu linaingia ndani milimita 25, tairi linasugua springi. Angalia pia kilo zilizopigwa chapa nyuma ya rimu, kwani tairi la kilo 950 kwenye rimu ya kilo 600 ni tairi la kilo 600. Halafu nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukizifunga kwa nati za koni za rimu ya chuma, zinashika ukingoni tu, na baada ya kokoto kidogo zinalegea.

Nilikusudia kusema msikanyage pale. Lakini kuna kijana anayefunga matairi nje ya duka hilohilo, ndiye aliyenifungia C zangu, na siwezi kumnyima haki yake. Alisugua uso wa habu kwa brashi ya waya, akazungusha gurudumu kusikiliza beringi, akapaka sabuni ukingoni, si grisi. Bila kuambiwa akaweka vali za chuma, kwa sababu za mpira mwisho wake ni psi 65 za upepo na ndipo tairi hili linapofikia. Akakaza nati kwa kuvuka upande hadi upande, nyutoni mita 100 kwa boliti za milimita 12, akasema zirudiwe baada ya kilomita 50. Fundi wa namna hiyo ni wa kumfuata popote.

Kwa hiyo nyota tano kwake. Duka nilitaka kulipa nyota mbili kwa ajili yake, ila nimetazama risiti: imeandikwa "tairi 2", basi, hakuna saizi wala namba. Sifuri. Nunua C kwingine, mpelekee yeye akufungie. Jaza psi 65 asubuhi tairi likiwa baridi, na mchana likipanda usilitoe upepo. Kila ukisimama gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Iliyo moto kuliko mwenzake ina beringi au breki ya kuangaliwa. Spea nayo iwe saizi hiyohiyo, kwenye rimu ya matundu hayohayo. Ile ya pikapu usiihesabu mpaka umeijaribu kwenye habu ya tela ukiwa bado mjini.