Feni ya kutoa hewa bafuni, nimeitumia kifuku chote

Nikisema bafu langu lina ukungu, wale fangasi weusi, watu wananicheka, eti Dodoma kulivyo kukavu vile ukungu unatoka wapi. Kukavu nje bwana. Bafu letu la masta huku Nkuhungu lina kadirisha kamoja tu kako juu, neti yake ya mbu imejaa vumbi, ukiigusa vidole vinatoka vyekundu, sasa hewa ipite wapi? Humo humo kuna pipa la akiba maana maji ni ya mgao, na mwezi wa 6 na wa 7 kwa baridi ile nani anaoga maji ya bomba, basi mvuke wote unagandia darini.

Kila wikiendi nilikuwa napiga jiki. Kwenye tailizi inatoa vizuri tu, ila kwenye jipsamu na plasta ni usanii mtupu, doa linakuwa jeupe kumbe fangasi wamo ndani, wakipata unyevu wanarudi palepale. Na jamani jiki usichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, kwenye kabafu kama kale itakukaba.

Ndio nikanunua feni ya plastiki ya inchi 6, elfu arobaini na kitu. Fundi akaifunga kwenye jipsamu, akawasha, "mama tayari." Bomba la kutolea hewa liko wapi fundi? "Aah mama, hewa si inapanda tu juu." Juu wapi, darini! Yaani mvuke ukalale kwenye mbao na karatasi ya jipsamu, hapo umetoa ukungu au umeuhamisha? Tukabishana weee, mwisho akatoboa ukuta akapitisha bomba la plastiki mpaka nje na kifuniko cha wavu. Hela ya ziada ilinitoka ila hapo usilegeze.

Kuipima ni rahisi, bandika kipande cha tishu kwenye feni inayozunguka, kikinata inavuta. Yangu mlango ukiwa wazi tishu inanata, ukifungwa inadondoka, kumbe mlango ulikuwa umebana chini hakuna hewa inayoingia kufidia inayotoka. Seremala akaupunguza kidogo chini, ikakaa sawa. Tukimaliza kuoga tunaiacha dakika 15 hadi 20.

Desemba mpaka Machi dari halijarudisha doa hata moja. Kasoro zipo, inanguruma kama mashine ya kusaga, panga zake zinashika vumbi balaa, halafu imeunganishwa na swichi ya taa, kwa hiyo baba watoto akitoka akazima taa na feni imelala. Nyuma ya pipa bado kuna weusi, kule hewa haifiki, nasugua kwa brashi na sabuni.

Feni naipa nyota nne. Namba ya fundi msiniombe.