Kurasa nyingi au programu mseto? Nimezitumia zote kwa maktaba moja

Nasimamia orodha ya vitabu ya maktaba ndogo ya kuazimana, na orodha hiyo hiyo nimeiendesha kwa njia mbili. Mwaka wa kwanza ilikuwa programu mseto ya simu. Sasa ni tovuti ya kawaida: kila kitabu na ukurasa wake, kila ukurasa na anwani yake.

Nianze na programu, maana ndiyo iliyotuvutia. Unaandika mara moja kwa HTML, CSS na JavaScript, yaani lugha za kujengea tovuti, kisha chombo kama Capacitor au Cordova kinakufungia kazi hiyo ndani ya ganda la programu, la Android na la iPhone. Msomaji akiifungua, anachokiona ni ukurasa wa wavuti ndani ya WebView, yaani kivinjari kisicho na sehemu ya kuandikia anwani. Wasomaji walifurahi kuona aikoni yetu kwenye simu zao. Nami nilifurahi.

Kitufe cha kurudi ndicho kilichotufungua macho. Msomaji anatafuta riwaya, anapata orodha, anafungua ya saba, anabonyeza kurudi ili aitazame ya nane, na programu inafungika yote! Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja tu uliokuwa ukibadilika sura, na aliyetujengea hakuweka kumbukumbu ya hatua za msomaji. Ilirekebishika, ila kwa siku tatu za kazi. Kwenye tovuti ya kurasa nyingi, kivinjari kinafanya hivyo chenyewe.

Halafu kuna kutumiana vitabu. Wakati wa programu, mtu akitaka kumwonyesha mwenzake kitabu alipiga picha ya skrini, na mwenzake akaanza kutafuta upya. Siku hizi ananakili anwani, anaituma WhatsApp, na aliyepokea anagusa tu na kukifikia kitabu chenyewe bila kupakua chochote. Kwa maktaba, hili peke yake linatosha kunifanya nichague tovuti.

Makosa ya uandishi nayo. Jina la mwandishi likikosewa kwenye tovuti, nalisahihisha na kila anayefungua ukurasa analiona sawa. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa imefungiwa ndani ya programu, kwa hiyo kila sahihisho lilihitaji toleo jipya, ukaguzi wa duka la programu, kisha kusubiri watu wasasishe. Wengine hawakusasisha kabisa. Ungeweza kuivuta orodha kutoka kwenye seva, ni kweli, lakini hapo msomaji anahitaji intaneti kama kwenye tovuti, na faida kubwa ya programu imeondoka. Tena kanuni ya 4.2 ya Apple inataka programu iwe zaidi ya tovuti iliyofungwa upya, basi usidhani kuvisha ganda kunatosha.

Hata hivyo programu sikuitupa. Wahesabu vitabu wetu wanaingia stoo isiyo na mtandao, wanaelekeza kamera kwenye msimbo pau, namba ya ISBN (ya kutambulisha kitabu) yenye tarakimu 13 inasomwa, inahifadhiwa kwenye simu na kutumwa baadaye wakitoka. Kwa kazi hiyo programu mseto ni nzuri sana, na ningeijenga tena kesho. Kama unaitaka kwa ajili ya arifa tu, fikiri mara mbili: tangu iOS 16.4, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2023, hata tovuti iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo ya iPhone inaweza kutuma arifa.

Tovuti inachosha mtandao ukiwa dhaifu, kwa kuwa kila mguso unaleta ukurasa mzima. Tulipunguza ukubwa wa picha za majalada, maandishi yakawa yanatangulia, na malalamiko yakapungua.

Tovuti naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya fomu ya kutafuta: ukichagua lugha na aina ya kitabu, kisha ukaenda ukurasa wa pili wa matokeo, inasahau ulichochagua. Hilo ndilo ninalolishughulikia wiki hii.