Chombo cha Maua cha Shaba cha Kichina: Geuza Kitako Kwanza

Haya, karibuni tena wapenzi watazamaji. Leo niko London, siku ya kukagua mali kabla ya mnada, na mezani nina hiki hapa: chombo cha maua cha shaba kutoka China. Urefu sentimita 32. Kukinyanyua mikono miwili, maana ni shaba iliyochanganywa na bati na risasi, si debe.

Tazameni masikio. Vichwa viwili vya tembo, kila mkonga umeshika pete. Hii inacheza, sikilizeni... hii nyingine imeganda. Tumboni kuna uso wa macho yaliyotoka, unaitwa taotie. Ni pambo la vyombo vya nasaba ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ila mafundi wa baadaye waliliiga kwa kuheshimu ya kale. Ukiliona, usijipongeze kwamba umeokota Shang.

Tukigeuze. Nimeshaomba ruhusa, msiogope. Hapa chini kuna herufi sita: Da Ming Xuande nian zhi, yaani kimetengenezwa enzi ya mfalme Xuande, dola kuu ya Ming. Enzi hiyo ni 1426 hadi 1435. Na hapa ndipo watu wanapouza shamba! Vyetezo vya shaba vya Xuande vilisifika mno, basi mafundi wakaendelea kutia jina lake karne baada ya karne. Katalogi wala haikudanganya, imeandika: alama ya Xuande, nasaba ya Qing, karne ya 18 au 19. Anayeliwa ni yule asiyesoma mstari hadi mwisho.

Na hiki je? Sogea na kamera, sogea. Kiduara hiki, ukubwa wa sarafu, kimekuwa chekundu kuliko sehemu nyingine ya kitako. Palitobolewa. Ulaya na Marekani walipenda sana kugeuza vyombo vya Kichina kuwa taa za mezani. Waya ulipita hapa, baadaye mtu akaziba. Nikimulika ndani kwa tochi ya simu, kiraka hicho hapo. Kwenye katalogi yametajwa maneno mawili tu: "kitako kimekarabatiwa." Mimi ningeyaandika kwa wino mwekundu.

Halafu, madhabahu ya Kichina huwekwa vitu vitano: chetezo katikati, vinara viwili, vyombo vya maua viwili. Kama hiki kilitoka huko, kilikuwa na pacha. Pacha hayupo.

Lakini siwezi kukisema vibaya tu. Rangi hii ya kahawia imekolea kwenye mikunjo, imepauka pale mikono iliposhika miaka nenda rudi. Kutu bandia hukaa juu juu kama rangi ya mlango. Sisi wa pwani tumezoea bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi; za kauri zile, za kutazama kwa mbali. Hiki unakishika, na mkono hautaki kukiachia.

Bei sasa. Makadirio ni pauni 800 hadi 1,200. Nyundo ikigonga 1,000, ongeza kamisheni ya mnunuzi asilimia 25, na VAT asilimia 20 juu ya hiyo kamisheni: unalipa 1,300, kabla hata ya kukisafirisha.

Kwa tundu lile na upweke ule, mimi nimeacha dau la maandishi la pauni 600. Mnada ni Alhamisi saa nne asubuhi. Ikipita hapo, achukue mwenye nazo.